Amerudi Ulingoni, Amepigwa: Atundike Glovu?

Barua nyingi za ngumi zilizotufikia mwezi huu zinazunguka jambo moja: bondia aliyepitwa na umri wake mzuri, akapumzika, akarudi, akapigwa. Tumechagua tano.

SWALI: Kaka yangu ana miaka 37. Alipumzika miaka minne, akarudi mwaka huu kwenye pambano la raundi nane. Raundi tatu za mwanzo alikuwa vizuri, ya tano akaangushwa, ya sita refa akamaliza pambano. Yeye anasema alikosa maandalizi tu, maana alipewa wiki sita na alikuwa na kilo 11 za kupunguza. Sasa kuna promota ameleta pambano jingine baada ya wiki nane, nje ya nchi, pesa nzuri. Mama hataki. Kocha anasema apewe nafasi moja ya mwisho. Sisi wa nyumbani tumshauri nini? *Mdogo wake, Mabibo, Dar es Salaam*

JIBU: Pambano la wiki nane asilicheze, hata pesa iwe nono kiasi gani. Pigeni hesabu. Wiki nane ni siku 56. Kanuni zilizotumika kwa miaka mingi kwenye ngumi za ridhaa zinamtaka bondia ambaye refa amesimamisha pambano lake kwa makonde ya kichwa akae siku 30 bila pambano wala sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake. Ikitokea mara mbili ndani ya miezi mitatu anakaa siku 90, na mara tatu ndani ya mwaka anakaa mwaka mzima. Kwenye ngumi za kulipwa, aliyelala kwa KO kali, yaani kuangushwa na kushindwa kuinuka, mara nyingi hupewa siku 60 hadi 90. Hata mkichukua zile 30 za chini kabisa, zinabaki siku 26. Sparingi ya mwisho hufanywa siku saba hadi kumi kabla ya pambano, kwa hiyo kaka yako ana siku 16 mpaka 19 za kujipima na mtu, na kilo za kupunguza bado zinamsubiri. Hapo itabidi aanze sparingi ubongo haujapona, au apande ulingoni bila sparingi ya maana. Yote mawili yanaua.

Jiulizeni pia kwa nini anatafutwa yeye, na kwa nini sasa. Promota wa ugenini mwenye kijana anayemkuza anahitaji jina linalojulikana kwenye rekodi ya kijana huyo, jina la mtu asiye hatari. Bondia wa miaka 37 mwenye jina la zamani, aliyesimamishwa juzi, ndiye hasa anayemfaa.

Sasa tuje kwenye hoja yake kwamba alikosa maandalizi. Hoja hiyo inaweza kuwa kweli, na kuna namna ya kuipima. Chukueni video ya pambano, lakini msianze na raundi ya sita aliyopigwa. Anzeni na zile tatu mlizoona alikuwa vizuri. Asiye na maandalizi huanza kuharibikiwa pumzi inapokata: mikono inashuka, anakumbatia, anapigwa mwishoni mwa raundi, lakini akikaa kwenye stuli dakika moja anarudi akiwa na afadhali. Aliyepitwa na umri hupigwa akiwa bado mbichi. Ngumi anaiona, mwili unachelewa kutoka. Nafasi ya kupiga anaiona, mkono unafika imeshafungwa. Miguu inamfikisha kwa mpinzani lakini haimtoi.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni jabu, ile ngumi ya mkono wa mbele. Simamisheni video kila jabu inapotua usoni mwake na mwandike idadi kwa raundi. Halafu tafuteni pambano lake la miaka sita au saba nyuma, dhidi ya mtu wa kiwango kama hicho, mhesabu vilevile. Kama zamani zilikuwa zinamfikia tatu au nne kwa raundi na sasa zinamfikia 12 katika raundi ya kwanza, pumzi ikiwa bado tele, hakuna wiki za mazoezi zitakazorekebisha hilo. Tazameni na konde lililomwangusha. Lilikuwa la mwisho katika mfululizo mzito, au lilikuwa moja la kawaida ambalo zamani angelimeza na kuendelea? La pili ni dalili mbaya zaidi.

Zile kilo 11 nazo tuziseme. Wiki sita kwa kilo 11 ni karibu kilo mbili kila wiki. Kiasi salama ni nusu kilo hadi kilo moja. Zilizozidi hapo ni maji na misuli, na mtu aliyekauka maji hupanda ulingoni moyo ukifanya kazi ya ziada, na uwezo wake wa kuhimili konde la kichwa umepungua. Wembamba hudanganya sana. Muhammad Ali alipokutana na Larry Holmes huko Las Vegas tarehe 2 Oktoba 1980 alikuwa na miaka 38 na alikuwa amekaa miaka miwili bila pambano. Mizani ilionyesha pauni 217 na nusu, karibu kilo 99, takriban uzito aliompigia George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Waliomwona wakaamini amerudi. Kumbe alikuwa anameza dawa ya tezi ya thairoidi, ambayo hupunguza uzito huku ikiharakisha moyo na kuupandisha mwili joto. Majaji wote watatu hawakumpa raundi hata moja. Baada ya raundi ya kumi kona yake, yaani kocha na wasaidizi wake, ikasimamisha pambano, na hilo ndilo pambano pekee alilowahi kushindwa kabla ya muda kwisha. Kilichotuuma wapenzi wa ngumi ni kwamba hata hapo hakuachwa. Tarehe 11 Desemba 1981 alipandishwa tena ulingoni Nassau, Bahamas, akashindwa kwa pointi na Trevor Berbick. Mwaka 1984 ikatangazwa kuwa ana ugonjwa wa Parkinson.

Mfano wa kumwonyesha kaka yako ni Ricky Hatton wa Manchester. Alipigwa KO na Manny Pacquiao raundi ya pili, Mei 2009, akakaa miaka mitatu na nusu, akanenepa sana, akapungua, akarudi Novemba 2012 akiwa na miaka 34. Hakuchagua mpinzani mwepesi. Alimchukua Vyacheslav Senchenko wa Ukraine, aliyekuwa amepoteza mkanda wa dunia wa chama cha WBA miezi michache tu nyuma. Raundi za mwanzo uwanja mzima wa nyumbani ulimwona kama yule wa zamani, kisha ngumi zikaanza kupita pembeni na miguu ikawa mizito. Raundi ya tisa mkono wa kushoto wa Senchenko ukamwingia tumboni, akapiga magoti, akahesabiwa mpaka kumi. Usiku uleule alitangaza kustaafu. Alisema alihitaji pambano moja kujua kama bado anayo, na amejua hana. Huko ndiko kuliuliza swali vizuri: mpinzani wa kweli, maandalizi ya kutosha, na jibu linakubaliwa lilivyo. Hata hivyo hamu haikumwisha. Mwaka 2025 ilitangazwa atarudi ulingoni Dubai mwezi Desemba, akafariki Septemba kabla ya siku hiyo, akiwa na miaka 46. Mjue basi kwamba kaka yako akikubali leo, mwakani ataanza tena, na mtahitaji kuzungumza naye upya.

Maoni yetu ni kwamba atundike glovu. Akikataa katakata, mpeni masharti yaliyoandikwa, ayasaini yeye na kocha. Miezi sita bila pambano, na mitatu ya kwanza bila sparingi kabisa. Kipimo cha MRI cha kichwa (picha ya ubongo), macho yakaguliwe mpaka ndani kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho) baada ya kuwekewa matone ya kupanua mboni, damu ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, na moyo upimwe kwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ina madaktari wa ubongo na kipimo cha MRI. Kambi iwe ya wiki 12, na aianze akiwa hajazidi uzito wake kwa kilo nne. Kisha sparingi sita dhidi ya vijana wa uzito wake, zote zirekodiwe na jabu zihesabiwe kama tulivyoeleza. Kocha awe na haki ya kufuta pambano bila kuulizwa. Wengi wakifika kwenye sparingi ya tatu hujiamulia wenyewe.

SWALI: George Foreman alirudi akiwa mzee, akapigwa na Holyfield, akapigwa tena na Morrison, watu wakasema astaafu. Mwisho akawa bingwa wa dunia na miaka 45. Kwa nini mabondia wetu wanaambiwa waache? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Foreman hutajwa kila mara, na anastahili, lakini mtazame alivyofanya. Aliacha mwaka 1977, akarudi 1987. Katika miaka kumi hiyo kichwa chake hakikupigwa, wala kwenye gym. Aliporudi alishinda mapambano 24 mfululizo, mengi dhidi ya watu wa kawaida tu, kabla ya kumgusa Holyfield Aprili 1991. Alishindwa kwa pointi baada ya raundi 12, na kwa Morrison mwaka 1993 vilevile kwa pointi, na katika yote mawili hakwenda chini. Hilo ndilo linalomtofautisha na kaka wa ndugu yetu wa Mabibo.

Kisha aina ya ngumi zake. Hakuwahi kutegemea miguu. Alitegemea uzito wa konde na ugumu wa kidevu, na uzito wa konde ndio kitu cha mwisho kumtoka bondia. Alikuwa uzito wa juu, kwa hiyo hakukausha maji apite mizani. Hata usiku ule wa 5 Novemba 1994 alipotwaa ubingwa, bingwa Michael Moorer alikuwa anaongoza kwa majaji wote watatu mpaka mkono wa kulia wa Foreman ulipompata raundi ya kumi.

Bondia wa uzito mwepesi anayeishi kwa kasi hana akiba hiyo. Sugar Ray Leonard aliangushwa mara mbili na Terry Norris Februari 1991, akastaafu papo hapo, akarudi Machi 1997 na miaka 40, Hector Camacho akamsimamisha raundi ya tano. Leonard alikuwa fundi kuliko karibu kila mtu aliyewahi kuvaa glovu, na kasi ilipokwisha ufundi haukumwokoa.

SWALI: Mume wangu ameacha ngumi mwaka wa pili sasa, ila bado anaenda kusparingi na vijana na kulipwa kidogo. Siku hizi anatafuta maneno, anakasirika kwa jambo dogo, anaumwa kichwa akitoka gym. Akiulizwa anasema ni uchovu. Nitajuaje? *Mama watoto, Tanga*

JIBU: Dada, la kwanza ni hizo sparingi, na leo ndio iwe mwisho. Ubongo hautofautishi konde la mashindano na la mazoezi. Bondia mstaafu anayekodishwa kuwapa vijana mazoezi anaweza kupigwa ngumi nyingi kwa mwezi kuliko alizopigwa mwaka mzima wa mapambano, tena bila refa, bila daktari na bila siku za kupumzika. Kofia ya kujikinga inapunguza michubuko na kuchanika. Kichwa kinachotikiswa ndani ya kofia kinatikisika vilevile.

Hizo dalili ulizozitaja ni za kupelekwa hospitali kwa daktari wa mishipa ya fahamu na ubongo. Mwenyewe huwa wa mwisho kuziona, kwa hiyo wewe ndiye shahidi. Andika kwenye daftari: tarehe, alifanya nini, alisahau nini, kichwa kiliuma saa ngapi. Mrekodi kwa simu akisoma aya moja ya gazeti, uihifadhi, na baada ya miezi mitatu asome aya ileile. Ulimi unaoanza kuwa mzito husikika ukilinganisha rekodi mbili, ilhali ukiongea naye kila siku huwezi kuusikia. Mwombe atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akirusha mikono kujishika, andika. Angalia mkono wake akinyanyua kikombe cha chai, na vifungo vya shati anavifunga kwa muda gani. Daftari hilo na rekodi hizo mpe daktari, zitamsaidia kuliko maelezo ya mgonjwa anayesema yuko sawa.

Hayo ni mabadiliko ya polepole. Kuna ya haraka, ambayo hayasubiri asubuhi. Akitoka kupigwa kichwani kisha akatapika zaidi ya mara moja, akasinzia na kuamka kwa shida, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupoa, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au mkono au mguu ukalegea, mpeleke hospitali kubwa usiku huohuo. Damu inaweza kuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu. Robert Wangila, Mkenya aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, alisimamishwa na refa huko Las Vegas Julai 1994, akalalamika kwamba bado anaweza, akatoka ulingoni kwa miguu yake, na fahamu zikapotea chumbani. Alifariki akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ndiyo maana aliyepigwa sana asiachwe alale peke yake usiku wa kwanza. Maumivu apewe paracetamol, si aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu dawa hizo huongeza uwezekano wa damu kuvuja.

Na macho: akiona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, hiyo ni retina inaachia. Afike kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Ikiwahiwa hushikizwa, ikichelewa jicho limekwenda.

SWALI: Nina bondia wa miaka 36 amepigwa mara tatu mfululizo tangu arudi. Nikimwambia aache atahamia gym nyingine, na huko watampangia mtu atakayemuua. Nimwambieje? *Kocha, Kariobangi, Nairobi*

JIBU: Mwalimu, siku yenyewe usiichague vibaya. Wiki ya kwanza baada ya kupigwa bondia ana aibu na hasira, lolote utakalosema litamfukuza. Subiri siku kumi hadi 14, uvimbe umeshuka. Msizungumzie jambo hilo gym, mbele ya vijana. Mwite na mtu mmoja anayemheshimu, mara nyingi ni bondia mwenzake aliyeacha kabla yake, na video ikiwepo mwache aangalie mwenyewe. Usimwambie amekwisha. Mwambie ulichokiona: raundi ya pili, amepigwa mkono wa kulia uleule mara tano na hakuuzuia hata mara moja.

Kisha mwambie wazi kwamba kwenye kona yake hutasimama tena, na licha ya hivyo mlango wa gym uko wazi. Hilo la kona ndilo lenye uzito. Mwandikie barua kamisheni iliyompa leseni, kwa Kenya ni KPBC na kwa Tanzania ni TPBRC, kamisheni za ngumi za kulipwa, ueleze ulichoona, uombe apimwe ubongo kabla leseni haijahuishwa. Usifanye kwa siri, mwonyeshe barua kabla hujaituma. Atakununia. Lakini akihamia kwingine, barua imetangulia.

Siku hiyohiyo uwe na kazi ya kumpa, yenye saa na malipo hata kama ni madogo. Kushika pedi kwa vijana jioni tatu kwa wiki, kusimama kona, kujifunza kuziba majeraha: barafu, pamba, vaselini na adrenalini ya moja kwa elfu moja inayotumika kwenye mchaniko. Watu wanaojua kuzuia damu ndani ya dakika moja ya mapumziko ni wachache, na promota huwalipa. Kushika pedi kusigeuke kuwa sparingi, hata raundi moja ya utani.

Akitaka pambano la kuaga watu, liwe la maonyesho: raundi tatu za dakika mbili, glovu za aunsi 16, rafiki wa rika lake, bila majaji.

SWALI: Mbona Mike Tyson alipigana na Jake Paul akiwa na miaka 58? *Kijana wa Temeke*

JIBU: Alipigana, Novemba 2024, kwa raundi nane za dakika mbili badala ya tatu na glovu za aunsi 14 badala ya kumi, akashindwa kwa pointi. Tyson huyohuyo mwaka 2005 alibaki kwenye stuli baada ya raundi ya sita dhidi ya Kevin McBride na kusema hana tena moyo wa kazi hiyo. Alichorudia ni fedha nyingi mno, ambazo promota wa hapa hana.

Na kwa kuwa fedha ndiyo inayowarudisha wengi, hata bingwa wa zamani wa dunia Joe Louis alirudi mwaka 1950 kwa sababu ya deni la kodi, Rocky Marciano akamlaza raundi ya nane Oktoba 1951 na deni likabaki, tunawaomba mchukue kalamu kabla ya kusaini. Tuseme pambano ni la shilingi milioni tatu. Kocha asilimia kumi, laki tatu. Meneja akichukua asilimia 20, laki sita. Chakula cha kambi cha wiki 12 kwa shilingi elfu kumi kwa siku ni 840,000. Imebaki 1,260,000, na hapo bado nauli, vipimo, tepu, bandeji, na kazi ya mchana aliyoiacha miezi mitatu. Kama kazi hiyo ilikuwa inamwingizia hata 15,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 12 ameacha 1,080,000. Kilichobaki ni 180,000, na MRI ya kichwa peke yake inaweza kuimaliza.